Vali ya Mama Mkwe

Kama kuna kitu kilichompandisha Mama Spana mori kuliko mteja anayeapa kwamba "sijaligusa fundi, limeanza lenyewe tu", basi ni kufungua boneti ya gari la nyumbani kwake na kukuta mkono wa mtu umepita humo. Mwizi angekuwa nafuu. Mkono ule ulikuwa wa mumewe, fundi cherehani, ambaye katika mambo ya magari alijua mawili tu: pa kutilia mafuta na pa kukalia.

Vali aliyoifunga Mama Spana mwenyewe jana yake jioni ilikuwa imetolewa na kulazwa pembeni, juu ya kipande cha kitambaa cha suruali, kwa adabu zote. Mahali pake palikuwa pamekaliwa tena na ile nyingine, nyekundu, inayong'aa, imebinua mdomo. Mama Spana akafunga boneti kwa kishindo mpaka jirani akachungulia dirishani.

"Baba watoto!" aliita kuelekea ndani. "Hebu njoo uniambie, kati yetu fundi wa magari ni nani?"

Mumewe akatoka na futi ya kupimia imemning'inia shingoni. "Wewe, mke wangu. Hilo nalo lina ubishi?"

"Sasa hii imefikaje hapa?"

"Aah." Akajikuna kisogo. "Mama anaipenda."

Hapo ndipo Mama Spana alipokuwa akiishiwa nguvu kila mara. Mama anaipenda! Mwanamume mzima, ndevu zimeanza kuingia mvi, anataka gari lake lipige chafya barabarani kama la kijana anayetafuta mchumba, halafu anajificha nyuma ya mgongo wa mama yake mgonjwa. Angesema tu, "Mimi naipenda," wangegombana kama watu wazima na mambo yakaisha. Lakini kumsingizia mgonjwa!

Gari lenyewe lilikuwa dogo na la zamani, ila injini yake ilikuwa na turbo, kile kifaa chenye feni kinachoishindilia injini hewa ili ipate nguvu kupita umbo lake. Dereva akikanyaga mafuta, hewa inasukumwa. Akiachia ghafla ili abadilishe gia, injini inafunga mlango, na ile hewa iliyokuwa mbioni haina pa kwenda. Inageuka, inaipiga feni kwa mbele, na ukiiachia hivyo itaiua feni polepole. Ndiyo sababu panawekwa vali ya kuifungulia. Na vali ziko za namna mbili. Moja huirudisha hewa ndani, kwenye paipu ilikotokea, kimyakimya, hata aliyeketi kwenye gari hajui. Nyingine huitema nje, na inapoitema husema psshhh! mtaa mzima ukasikia. Wapo watu ambao wangeuza viatu vyao wakatembea peku ili mradi gari lao liseme hiyo psshhh.

Kwa magari mengine wala asingegombana na mtu. Lakini hili lao lilikuwa na sensa inayopima hewa pale inapoingia, na petroli humwagwa kufuata kipimo hicho. Ukiitema nje hewa iliyokwisha kupimwa, petroli yake inabaki haina mwenzake. Mama Spana alikuwa amemweleza mumewe jambo hili mpaka akaingia naye jikoni kabisa: umepima unga, umemimina maji ya kuutosha, kisha anakuja mtu anachota nusu ya unga anautupa dirishani. Utakanda nini hapo? Uji. Basi injini nayo inakunywa uji. Inatoa moshi mweusi, plagi zinashika masizi, na dereva akiachia mafuta ashike breki kwenye makutano, gari linazima.

Mumewe alisikiliza yote kwa utulivu, akitikisa kichwa kama mwanafunzi wa mstari wa mbele. "Nimekuelewa kabisa," alisema. Kesho yake vali nyekundu ikarudi.

Aliyemuuzia na kumwonyesha namna ya kuifunga alikuwa jirani yake Mama Spana kwenye mtaa wa gereji, mtu wa redio za magari, taa za rangi na vikorombwezo vya kila aina, ambaye wote walimwita Mapambo. Mama Spana alikwenda akamvaa mbele ya wateja wake.

"Mapambo, una akili timamu? Gari lina sensa ya hewa, wewe unalitilia vali ya nje!"

"Shemeji alitaka kelele," Mapambo akajibu bila hata kushusha kikombe cha chai. "Mimi kazi yangu kuuza kelele. Kimya unauza wewe."

Watu wakacheka. Mama Spana akarudi kwenye gereji yake akafungua gurudumu ambalo halikuwa na haja ya kufunguliwa.

Wasichokielewa wote hao ni kwamba gari lile halikuwa la kuchezea. Mama mkwe wake figo zilikuwa zimechoka. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alipaswa kufikishwa hospitali, alazwe kwenye mashine isafishe damu, arudishwe. Daktari hakuwazungusha: akikosa mara moja atavimba, akikosa mara mbili mfululizo maji yatapanda mapafuni, na wakizidisha hapo wasije wakasema hawakuambiwa. Mume ndiye aliyempeleka, maana cherehani yake ilikuwa sebuleni na hakuwa na bosi wa kumwomba ruhusa. Mke ndiye aliyehakikisha gari linafika. Huo ndio mgawanyo wa kazi waliokubaliana, na mmoja wao alikuwa anauharibu kwa bisibisi.

Si kwamba hakumuuliza mwenyewe. Alikuwa ameingia chumbani kwa mama mkwe siku moja, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama, zile kelele za gari hazikusumbui?"

"Hapana, mwanangu."

"Tukizitoa je?"

"Fanyeni mnavyoona."

Mama mkwe na mkaza mwana, wote wawili wamelelewa vizuri mno, utapata ukweli gani hapo? Kila mmoja alimwogopa mwenzake kwa heshima. Mama Spana akayachukua maneno yale kwa namna iliyomfaa, akaenda zake.

Basi asubuhi hiyo ya Jumatano, kwa kuwa saa ilikuwa imekwenda na mgonjwa ameshatoka na mfuko wake wa shuka, aliwaacha waondoke na vali nyekundu, huku ameuma meno. Alijiambia ataitoa jioni, na safari hii piga ua hairudi.

Habari hazikungoja jioni. Kabla ya saa sita aliingia mteja wake wa siku nyingi, dereva wa lori, anajipangusa jasho kwa shati.

"Mama Spana, pole. Nimetoka kulisukuma gari lako."

"Gari langu lipi?"

"La shemeji. Limezima katikati ya mzunguko mkubwa. Malori pande zote, honi, trafiki anapiga filimbi, bibi wa watu yumo ndani. Tumelisukuma watu wanne mpaka likawaka." Akasita kidogo, akaongeza kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi, "Nikasema, aisee, gari la fundi wetu!"

Mama Spana alijisikia kama amevuliwa nguo sokoni. Lakini aibu ilikuwa jambo dogo. Alichokiona machoni ni lori lisilo na breki nzuri, na alizijua breki za malori ya mji ule kwa sababu nusu yake alizifunga yeye, linauzunguka mzunguko ule na kumkuta mama mkwe amekaa na mfuko wake wa shuka mapajani. Akaangusha spana.

Jioni ile hakugombana na mtu. Alifunga vali ya ndani kwa boliti ambazo ufunguo wake alikuwa nao yeye peke yake, akaitumbukiza ile nyekundu kwenye sanduku lake la vifaa, chini kabisa, akalifunga kwa kufuli na kulitia kwenye buti ya gari. Mumewe alisimama mlangoni akimtazama.

"Mama hatafurahi," alisema.

"Atafurahi akiwa mzima."

Ijumaa gari liliwaka mara moja, likanguruma taratibu uani, hakuna moshi, hakuna kukohoa. Mama Spana alichelewa kwenda kazini kusudi alione linavyoondoka. Mama mkwe alifika mpaka kibarazani, akamsubiri mwanawe alisogeze gari kutoka uani mpaka mlangoni, akalisikiliza. Kisha akageuka, akarudi ndani.

"Leo sijisikii," alisema. "Nitakwenda siku nyingine."

Wakambembeleza. Akasema ana usingizi. Wakambembeleza tena. Akasema mashine ya hospitali itapata mtu mwingine wa kumsafisha, watu ni wengi. Akajifunika shuka.

Siku ya Jumapili miguu ilikuwa imevimba hata ndara hazikuingia. Muuguzi alipiga simu mara mbili, na mara ya pili hakuwa na salamu ndefu: kesho asipofika, wasilaumu mtu. Usiku ule nyumba nzima ilimsikia mgonjwa akikohoa, kikohozi cha majimaji, na mumewe Mama Spana alikaa sebuleni mbele ya cherehani bila kushona chochote.

Jumatatu asubuhi gari lilinguruma tena mlangoni, zima kabisa, tayari kabisa, gari bora kuliko yote katika mtaa ule, na ndani yake hakuna mtu. Mama mkwe alikuwa amegeukia ukutani.

"Mwacheni mtu apumzike," alisema.

Mumewe alitoka chumbani amenyong'onyea. "Mimi nimeshindwa. Jaribu wewe."

Mama Spana aliingia. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaanza kwa ile lugha ya kubembeleza aliyojifunza tangu siku aliyoolewa. Mama tafadhali. Mama tunakuomba. Mama fikiria wajukuu. Mama mkwe akawa anajibu vizuri tu, "Sawa mwanangu," "Nimesikia mwanangu," na hasogei hata kidole. Sawa mwanangu! Nimesikia mwanangu! Mama Spana alihisi kitu kinampanda kutoka miguuni, kikapita tumboni, kikafika kooni, na kabla hajakishika kikatoka.

"Mama, inuka!" akafoka. "Inuka hapo! Mimi nimelala chini ya gari lile mpaka mgongo umekufa ganzi, mwanao hashoni, hali, halali, wewe unageukia ukutani! Unataka kufa, sema unataka kufa, tujue moja! Unanitia wazimu, Mama! Mnanitia wazimu wote humu ndani!"

Sebuleni kitu kilianguka. Mama Spana mwenyewe alipigwa na butwaa. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumpandishia mama mkwe sauti hata kwa kumwita chakulani. Alitaka ardhi ipasuke immeze na ufunguo wake wa boliti mfukoni.

Mama mkwe akageuka taratibu. Uso ulikuwa umevimba, macho yamekuwa madogo, lakini ndani ya macho yale mlikuwa na kitu ambacho Mama Spana hakuwa amekiona kwa muda mrefu.

"Kumbe sauti unayo," alisema.

"Mama, nisamehe, sikuku..."

"Usianze tena! Ulikuwa unakwenda vizuri." Akajivuta akaketi, akahema kwanza. "Nakusikiaga kwenye simu huko uani ukiwafokea wateja wako. Nafurahi, nasema kumbe nyumba hii bado ina watu. Ukiingia humu kwangu, unaingia kama uko msibani. Mwanangu naye vivyo hivyo. Wajukuu mnawafukuza mlangoni, shh, bibi amelala. Nani amelala? Mimi nimeuza masufuria sokoni miaka yote, nayapiga mwiko, naita wateja mpaka mtaa wa pili. Tangu niugue mnaninong'oneza. Hata ile mashine ya hospitali inanong'ona. Lile gari peke yake ndilo lilikuwa halijanizika."

Mama Spana aliinuka kutoka magotini, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Likitoa ule mshindo wake watu wanageuka," mama mkwe akaendelea. "Wenzangu wa sokoni wananiona, nawapungia mkono. Wanajua napita. Sasa umeniwekea hili la kimya. Nilipolisikia pale mlangoni nikaona, aa, hili ndilo linalopeleka mtu asirudi."

"Lakini Mama, lilizima katikati ya mzunguko! Ungekufa!"

"Si watu walikuja kunisukuma? Wanaume wanne. Nani mwingine hunijia siku hizi?"

Mama Spana alifumba macho. Alimkumbuka mumewe akijikuna kisogo, "Mama anaipenda", mara ngapi? Na kila mara yeye amemkata kauli. Hasira zake hazikwisha, zilihama tu. Zilitoka kwa mumewe, zikapita kwa mama mkwe, zikaja zikamkalia yeye mwenyewe kifuani. Ungemuuliza ni vali ipi inayolifaa gari lile, angekujibu akiwa usingizini. Hakuwahi kujiuliza nani anapanda.

"Ukiinuka sasa hivi," alisema, na sauti aliiacha ilivyo, kubwa, "nitakurudishia kelele. Usipoinuka, nakubeba mgongoni nikupitishe sokoni hivyo hivyo."

Mama mkwe akanyoosha mkono ainuliwe.

Ila fundi ni fundi. Hata pale, akiwa na haraka hiyo, Mama Spana alijaribu kuiokoa heshima yake. Kwenye sanduku alikuwa na vali ya tatu, ya pande mbili, inayorudisha hewa nyingi ndani na kutema kidogo nje. Akaifunga upesi upesi. Gari halitazima, na kelele ya bibi ipo, kila mtu apate haki yake. Akakaa kwenye usukani mwenyewe, mama mkwe pembeni, mumewe nyuma na futi yake shingoni, wakaondoka. Kwenye kona ya kwanza akabadilisha gia.

Tss, ikasema vali.

Mama mkwe akamgeukia. "Hili nalo limeanza kuninong'oneza?"

Mama Spana akaegesha kando ya barabara. Alishuka, akafungua buti, akachimbua mpaka chini ya sanduku, akaitoa ile nyekundu. Injini ilikuwa ya moto, ikamchoma vifundo vya vidole viwili, akaitukana, akaendelea. Fundi wa taa aliyekuwa akipita na baiskeli akapunguza mwendo, akaona anachokifunga, akafungua kinywa. Mama Spana akamtazama. Fundi yule akakifunga.

Walipopita mtaa wa gereji akakanyaga mafuta vizuri, akaachia.

Psshhh!

Vichwa vyote vikageuka. Mapambo alitoka mbio dukani kwake na kikombe mkononi, akainua mikono juu kama timu yake imefunga bao. "Mama Spana!" akapiga kelele. "Vali hiyo si ulitukataza?"

"Nimeifunga mimi!" Mama Spana akamjibu kupitia dirishani, uso unamwaka moto. "Una neno?"

Mama mkwe alikuwa ameteremsha kioo chake chote na kutoa mkono nje. Ulikuwa mkono uliovimba, mzito, lakini aliupunga. Pale sokoni mwanamke mmoja mwenye rundo la mabeseni akapiga ukelele, "Weee, kumbe upo!" na mama mkwe akamjibu kwa sauti iliyokwama nusu njia kwa kukohoa, "Nipo! Nipo!"

Kwenye mzunguko mkubwa gari lilitaka kuzima, kama fundi yeyote angekuambia litakavyotaka. Mama Spana alikuwa amelingoja. Alibana breki kwa ncha ya kiatu, akageuza kisigino akagusa mafuta, akalishikilia hivyo likitetemeka na kutoa moshi mweusi, huku akililaani lenyewe, sensa yake na aliyelitengeneza, mpaka nafasi ikapatikana wakapenya. Mguu ulimuuma hadi pajani. Akaelewa hapo hapo kwamba mumewe hataweza jambo hili hata afundishwe mwaka mzima, na kwamba Jumatatu, Jumatano na Ijumaa gereji yake itafunguliwa mchana, wateja watake wasitake, na plagi atazisugua kila wikiendi kama mtu anayesugua masufuria. Hakuna kitu ambacho hakikumuudhi katika mpango huo.

Mlima wa hospitali ulianza. Pale langoni kulikuwa na kibao kikubwa cha kuwataka watu watulie, wagonjwa wamepumzika, na mlinzi amesimama chini yake. Mama Spana akapanda na gia ya pili, akaingiza ya tatu. Psshhh! Mlinzi akaruka. Nyuma, mumewe akajizamisha kwenye kiti. Mama Spana akapunguza mwendo, tayari kuomba radhi.

Mama mkwe akamgusa goti.

"Tena," alisema.

Mama Spana akavuta pumzi ya kukasirika, ndefu, ya mtu aliyechoshwa na kila mtu duniani. Akarudisha gia ya pili, akakanyaga.